Gombe, Mahale na Nkungwe kwa siku nane za Agosti?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Tabora, na Agosti tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumepata likizo ya siku nane, tunataka kuja Kigoma tutembee tu: ziwa, fukwe, milima. Mume wangu ni mtu wa mazoezi. Ameshapanga tuanze hifadhi ya sokwe ya Gombe, tuunganishe ile ya Mahale, halafu tupande kilele chake cha Nkungwe. Mimi kutembea napenda, ila sijui kuogelea na boti naiogopa kweli. Je, hayo yote yanaenea ndani ya siku nane? Na mimi na hilo ziwa nifanyeje? Halafu tuje na treni au basi?

JIBU: Dada yangu, kwanza hongereni. Miaka kumi si haba.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Ukichukua kalamu na karatasi yanaenea, na najua shemeji ameshachukua. Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yake ni upepo.

Kuanzia kama Mei hadi Septemba, upepo wa kusini ndio wenye ziwa. Tanganyika limelala kaskazini kwa kusini, urefu wake unakaribia kilomita 670, na milima imelibana pande zote mbili. Upepo ukishaingia kutoka upande wa Zambia hauna cha kuuzuia, na mawimbi yanapata nafasi ya kukua njia nzima. Sasa tazama ramani. Mahale iko kusini ya mji wa Kigoma, zaidi ya kilomita 120 kwa maji. Anayekwenda huko Agosti anaupokea upepo usoni, boti inapanda wimbi na kushuka kwa kishindo, saa baada ya saa. Boti ya mwendo kasi huchukua nusu ya siku ziwa likiwa limetulia. Ya mbao yenye mashine ndogo ni kutwa nzima, na ziwa likichafuka nahodha mwenye akili ataingia kwenye ghuba yoyote ya karibu, mtalala kijijini, mtaendelea kesho. Hiyo kesho ndiyo shemeji hakuiandika.

Gombe iko kaskazini, kama kilomita 16 tu kutoka mjini. Boti ya kukodi haimalizi saa mbili, na muda wote inaambaa na mwambao, nyumba na mitumbwi ya watu unaiona. Kwenda upepo unawasukuma mgongoni. Shida iko kwenye kurudi, na dawa yake ni kuondoka alfajiri, kwa sababu mara nyingi asubuhi maji huwa yametulia na upepo hupanda pamoja na jua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: safari hii fanyeni Gombe na mwambao wa Kigoma, kwa kutulia, na siku moja ya akiba ambayo hamtaipangia kitu. Mahale iwekeni mwaka mwingine, ije na siku zake.

Najua shemeji atanuna, basi nimpe hesabu mwenyewe. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462. Tofauti ni karibu mita 1,700 za kupanda, kuanzia joto la ufukweni, kupitia msitu mzito, mianzi, hadi nyasi za juu ambako usiku ni baridi ya kutetemesha meno. Ndani ya Mahale hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Kupanda kunahitaji askari wa hifadhi mwenye silaha, wabeba mizigo na kulala kwenye hema mlimani, na watu wengi hutumia siku mbili hadi tatu. Jumlisha: siku moja ya kwenda, moja ya kutafuta sokwe (huwezi kufika Mahale ukawaruka), tatu za mlima, moja ya kurudi. Sita zimeisha, na bado hamjasafiri kutoka Tabora wala kurudi. Upepo ukiwashika siku moja tu, mtu anachelewa kazini. Na wewe, dada, utakuwa umepewa zawadi ya ndoa ya kukaa botini kutwa mbili ukishika ubao kwa mikono miwili. Hapana.

Mkija kwa ajili ya Mahale, njooni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Upepo unakuwa umeanza kulegea, mvua hazijashika, na sokwe bado wanashuka maeneo ya chini karibu na ziwa, kwa hiyo hamtawatafuta mbali sana. Tena ipo njia ya gari kupitia Uvinza, inashuka hadi vijiji vya mwambao kaskazini ya hifadhi, na kutoka hapo boti inakuwa fupi. Barabara ni mbaya, lakini barabara mbaya huogopi.

Tuje kwenye hofu yako, maana hilo ndilo swali lenyewe, hata kama umeliweka katikati.

Usiianzie hofu ndani ya boti. Mkifika Kigoma, siku ya kwanza nendeni fukwe za upande wa Katonga, pale wanapopaita Jakobsen. Ni vighuba vidogo vyenye mchanga, mawe yamevizunguka, maji yametulia kuliko ziwa la wazi. Kuna kiingilio, kuna vibanda na sehemu ya kupiga hema, kwa hiyo mnaweza kulala hapohapo. Mwombe mtu mwenye boti akuazime jaketi la kuokolea siku moja kabla. Livae. Kaza kamba zote, hasa ile inayopita chini ya kifua. Isipokazwa, ukiingia majini jaketi linapanda juu hadi masikioni na mtu anaona kama linamkaba. Ingia hadi maji yafike kiunoni, shemeji asimame mbele yako, asikushike. Halafu kunja magoti, inua miguu. Utazama kidogo hadi kidevuni, kisha utainuliwa. Rudia mpaka uache kushtuka. Hujajifunza kuogelea, lakini mwili wako umeshajua kwamba lile jaketi linafanya kazi, na maneno ya mtu hayawezi kukupa hilo. Nimeona watu wazima waliokuja wakilia wakatoka hapo wanauliza boti inaondoka saa ngapi.

Maji yenyewe yatakusaidia. Ni maangavu, karibu na mawe unaona chini vizuri. Samaki wadogo wa rangi wanaozunguka pale, wenye milia, wenye mapezi ya njano, wengi hawapatikani kwingine duniani. Ziwa hili lina aina kama 250 za jamii hiyo ya perege, karibu zote za humu humu. Mkipata miwani ya kuzamia, wewe weka uso tu majini ukiwa umesimama.

Boti sasa. Za abiria zinaondokea Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, zinakwenda hadi Mwamgongo na kupita Gombe njiani. Nauli ni ndogo. Sikushauri. Kwa kawaida zinaondoka mchana, upepo ukiwa umeshapanda, na zinabeba kila kitu: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, mbuzi. Kwa mtu asiye na hofu ni safari nzuri sana, utacheka na watu hadi mwisho. Kwako hapana. Kodini boti yenu, au ungeni na wageni wengine, kwa sababu gharama kubwa ni mafuta, na mafuta hayapungui kwa kuwa mko wawili. Mkiwa sita mnagawana, na sita ndiyo idadi inayofaa hata kwa kwenda kuona sokwe.

Kabla ya kutoa hela, nendeni mkaione boti mkiwa mmesimama ufukweni. Uliza mashine ya pili iko wapi, na uonyeshwe kwa macho. Angalia dumu la mafuta ya akiba kama lina mfuniko. Angalia kama lipo kopo la kuchotea maji. Boti ya mbao isiyo na kopo ina mwenyewe asiyesema ukweli. Hesabu majaketi, yawe mengi kama watu, na lile lililokaukiana limetupwa chini ya mbao usilihesabu. Kisha muulize nahodha: "Ziwa likichafuka unafanyaje?" Akikujibu kwamba halichafuki, tafuta mwingine. Akikwambia anaingia ghuba fulani kusubiri, huyo ndiye.

Siku ya safari uwe Kibirizi kabla jua halijachomoza. Vaa jaketi ukiwa bado nchi kavu. Kupanda botini ni lazima ukanyage maji, na ukitaka usilowe wapo vijana watakaokubeba mgongoni kwa hela kidogo. Usione aibu, mama wa heshima zao wanabebwa kila siku. Kaa nyuma ya katikati, mahali pa chini. Mbele ndiko boti inakorukaruka, na ndiko vijana hukimbilia kwa ajili ya picha. Mwache shemeji aende. Tazama milima, siyo maji ya karibu. Kama hukawii kuchefukwa, nunua dawa ya kichefuchefu duka la dawa, meza nusu saa kabla.

Gombe nawapangieni usiku mbili. Ni hifadhi ndogo, nusu siku unaweza kusema umeiona, lakini wanaokwenda na kurudi siku hiyohiyo wanawakimbiza sokwe wakiwa wanaangalia saa. Sokwe hawana ratiba. Wakati mwingine wako dakika arobaini kutoka ufukweni, wakati mwingine wako juu kabisa na kila ukikaribia wanavuka bonde.

Shemeji asiidharau Gombe kwa sababu ni ndogo. Kutoka mchangani hadi ukingo wa juu wa mashariki ni kilomita chache tu, na ndani ya kilomita hizo ardhi inapanda kama mita 700. Miteremko yake Agosti ina majani makavu yanayoteleza kuliko tope. Mnashika mizizi, mnashika mashina, mwongozaji anapita mbele kama anakwenda sokoni. Viatu viwe na soli yenye meno, suruali ndefu, soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Na si lazima muwe pamoja kila hatua. Hili nawaambia wanandoa wengi: siku ya pili lipieni waongozaji wawili. Yeye apande hadi ukingoni atoke jasho lake, wewe uende taratibu maporomoko ya Kakombe, chini ya saa moja kwa miguu kupitia msitu wenye kivuli, maji yanadondoka kutoka ukuta wa mwamba mrefu na pale chini pana ubaridi hata mchana. Mkutane jioni, kila mtu na habari zake.

Sokwe ndio waliofanya mahali hapa pajulikane, tangu Jane Goodall aliposhuka kwenye ufukwe huo Julai 1960 na kuanza utafiti ambao haujakatika mpaka leo. Mkiwapata mnapewa saa moja, mnavaa barakoa, mnakaa mbali nao si chini ya mita kumi, na wao wakisogea nyinyi ndio mnarudi nyuma. Msione ni masharti ya kujikweza. Maradhi yetu ya kifua yanawaua. Mahale mwaka 2006 ugonjwa kama wa mafua ulipita kwenye kundi la sokwe, ukaondoka na kadhaa. Kwa hiyo mmoja wenu akiamka na mafua siku hiyo, aseme, abaki. Inauma, lakini aseme.

Wakorofi wa kweli pale ni nyani wa ufukweni. Usitoke na chakula mkononi, usiache mlango wazi, na kama mlikuwa mnafikiria kuja na asali ya Tabora, iacheni mjini. Ikibaki Kigoma mwaweza kuniletea mimi.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, ni kwa kadi au kwa namba ya malipo mnayopewa. Malizeni hilo mkiwa mjini kwenye mtandao mzuri. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje.

Kuhusu kuogelea na kunawa ziwani: kichocho kipo. Epukeni maji yaliyosimama, penye matete, na karibu na vijiji ambako watu wanafulia. Penye mawe na maji ya wazi hatari ni ndogo lakini haiishi. Mkirudi Tabora, baada ya miezi miwili au mitatu nendeni hospitali mkapime, dawa yake ipo. Mamba na viboko mjini si wa kawaida, ila kabla ya kuingia maji ya mahali msipopajua ulizeni wenyeji, hasa kuelekea mdomo wa mto Malagarasi.

Mtafika Agosti tarehe ngapi? Hili lina uzito kuliko mnavyodhani. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Ziwa likifungwa, mji unabadilika: dagaa wanapanda bei, Kibirizi inapoa, usiku ziwa ni giza tupu. Kwa hiyo ulizeni tarehe za mwaka wenu, na kama mnaweza njooni nusu ya pili ya mwezi. Kisha tazameni kalenda ya mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu. Mkitaka mbalamwezi ya mapenzi, sawa, njooni mwezi mpevu. Mimi ningewachagulia giza. Giza likishaingia, karibu saa mbili, vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, vinatoka vikiwa vimefungwa pamoja, taa zinawashwa moja moja, na ikifika saa nne mbele yenu kuna mji mwingine juu ya maji. Asubuhi yake mnakula dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese, au migebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo. Usiulize kama muhogo unanuka. Kula.

Jambo moja msilitegemee Agosti ni kuiona Kongo. Moto wa nyika na vumbi la kiangazi vinaziba ng'ambo, milima inapotea kabisa. Jua linazama jekundu kama sinia ya shaba, linapendeza kwenye picha, lakini upande wa pili hamtauona. Wanaotaka milima ya ng'ambo iliyochongoka vizuri wanakuja mvua ikishaosha hewa, na usiku wanapata na radi za kule bila hata tone kuwagusa. Msiilaumu kamera.

Nusu siku mnaweza kuipa Ujiji. Kwenu Tabora mnayo tembe ya Livingstone pale Kwihara. Ujiji ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na watu wengi wanaishia kwenye mnara na ile salamu ya "Dr. Livingstone, nadhani?" Waambieni wawasimulie yaliyofuata: wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kuangalia kama mto Rusizi unatoka au unaingia (unaingia), kisha wakatembea pamoja hadi Kwihara. Ndiyo njia yenu, wao wakiwa wanaelekea nyumbani kwenu. Baada ya hapo zungukeni mitaa ya Ujiji, nyumba za zamani na miembe, kisha teremkeni ufukweni mkaone wanavyochonga boti. Hapo shemeji atakaa, mimi nawajua wanaume wa aina hiyo.

Mwisho usafiri. Kuja, pandeni treni. Ni kama kilomita 400 kutoka Tabora, reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kama mna muda hakuna njia nzuri zaidi ya kuianza safari mkiwa wawili. Siku za treni huwa zinabadilika, kaulizeni stesheni msitegemee ya mwaka jana. Kurudi, pandeni basi, kwa sababu treni ikichelewa mwajiri hatakuelewa. Na tiketi ya basi msiikate Tabora wala siku ya kwanza. Kateni mkishatua Kibirizi kutoka Gombe, miguu ikiwa mchangani na mizigo imeshashushwa.